Kipaji kisicholipwa huchoka: neno kwa vijana wanaotunga programu

Mwaka uliopita kijana mmoja wa parokia yetu, mwanafunzi wa chuo, alitunga programu ndogo ya telefoni kwa ajili ya mama yake. Mama huyo anauza unga sokoni hapa Kolwezi, na pamoja na wenzake 19 anacheza likelemba: kila juma kila mmoja anatoa fungu lake, na mmoja wao anapokea yote. Daftari lao lilikuwa limelowa mvua, kurasa zikashikana, na akina mama wawili wakagombana juu ya zamu. Kijana alikaa usiku kadhaa mbele ya kompyuta yake ya mtumba, akingoja umeme urudi, mpaka programu ikaweza kuonyesha nani ametoa, nani bado, na zamu ni ya nani. Hakuna aliyemtuma. Alifanya kwa kumpenda mama yake na kwa utamu wa kazi yenyewe.

Habari ilienea haraka. Vikundi vingine vitatu vya likelemba viliiomba. Kwaya iliitaka kwa michango ya sare. Mwenye famasi ya mtaani akauliza kama inaweza kuhesabu dawa. Kijana hakumkatalia mtu. Alikuwa akiamshwa usiku: "Mwanangu, telefoni imekataa." Alinunua intaneti kwa pesa ya nauli yake ya chuo. Siku alipothubutu kuomba mchango kidogo, mmoja wetu alimjibu mbele ya watu: "Hata kwa mambo ya parokia unaomba feza?" Akanyamaza, na hakuomba tena.

Mwisho wake tunaujua, kwa sababu tulikuwapo. Kijana alishindwa mitihani miwili, akazima telefoni yake kwa majuma mawili apate kusoma. Katika majuma hayo, telefoni ya mweka hazina wa kikundi kimoja ilianguka ndani ya ndoo ya maji. Hapakuwa na nakala ya akiba mahali pengine, kwa maana kuweka nakala kunagharimu, na gharama hiyo hakuna aliyeilipa. Wanawake 20 hawakujua tena nani ametoa nini. Kikundi kilivunjika kwa maneno makali, na wawili kati yao hadi leo hawapeani amani. Sisi sote tulimlaumu kijana. Leo tunakiri kwamba tulipaswa kuanza kwa kujilaumu sisi.

Tumeandika tafakari hii kwa sababu kila parokia tunayoitembelea ina kijana wa namna hiyo. Yuko katika Kiro, katika Xaveri, katika Kizito-Anuarite, katika kwaya. Maoni yetu ni haya: kijana aliyetunga kitu kinachowafaa watu ana haki ya kukifanya kiwe kazi inayomlisha, na kuomba bei ya haki si uchoyo. Zaidi ya hayo, bei ya haki ndiyo inayokiwezesha chombo hicho kuendelea kuwafaa watu. Na sisi wakubwa, tunaofurahia kipaji chake, tuna wajibu wa kulipa.

Mtu ataweza kuuliza kwa nini tunasema hivyo hapa, katika mji wa shaba na kobalti, ambako kila kijana anaambiwa kwamba kazi ni ile ya kampuni ya mgodi. Tunajibu kwamba ni hapa hasa panapofaa kusemwa. Wazee wetu walizaliwa chini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na wakafanya kazi chini ya Gécamines, iliyoirithi baada ya serikali kuitwaa mali hiyo mwaka 1967. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na unga wa mwezi. Wengi waliiita baba na mama. Kisha mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Shaba ya Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilizidi tani 400,000 kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 mnamo 1993. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000. Watoto wao ndio wazazi wa vijana tunaowaandikia.

Wala habari hiyo si ya zamani tu. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikaanza kutoa kwa viwango vilivyopangwa. Hatusemi kama uamuzi huo ulikuwa mzuri au mbaya. Tunasema tu kwamba nchi inayotoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia bado inapangiwa maisha na bei inayotajwa mbali, na kwamba muuza unga wa soko letu huisikia bei hiyo kabla ya kuisoma mahali popote, kwa sababu wateja wake hupungua. Kijana anayetatua shida ya jirani yake kwa kompyuta hawezi kuuondoa utegemezi huo peke yake. Lakini anajenga kitu ambacho mzizi wake uko katika haja za watu wa hapa, na haja hizo haziishi siku shimo linapofungwa.

Yako mambo ya kujifunza kwa majirani. Nchini Kenya, mwaka 2010, wasichana watatu waliosomea kompyuta, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm, huduma iliyomwezesha mkulima kuuliza bei ya mazao kwa ujumbe mfupi wa telefoni. Walianza kwa shindano la saa 48, wakashinda, na zawadi ikawa mtaji wao wa kwanza. Lakini hawakuishia kwenye bei. Mkulima anayejua bei ya Nairobi huku gunia lake likikaa kijijini bado hajala. Kwa hiyo waliongeza njia ya wakulima kuuza kwa pamoja na kununua pembejeo kwa pamoja. Wakati huohuo Su Kahumbu, mwanamke wa kilimo, alibuni iCow, inayomkumbusha mfugaji siku za ng'ombe wake kwa ujumbe mfupi. Alianza na shida ya zizi, kisha akaitafutia telefoni kazi ya kufanya.

Mfano mwingine unatoka Marekani, na tunaupenda kwa udogo wake. Mwaka 2009 Maciej Cegłowski alifungua huduma iitwayo Pinboard, ya kutunza anwani za kurasa ambazo mtu angependa kuzirudia. Wakati huo huduma nyingi za namna hiyo zilitolewa bure, zikitumaini kununuliwa na kampuni kubwa. Yeye alitoza ada ndogo tangu mwanzo, na kila mteja mpya alilipa sehemu ndogo ya senti kuliko aliyemtangulia. Hakuajiri jeshi la watu wala hakutafuta wawekezaji. Huduma nyingi za bure za rika lake zilifungwa au kuuzwa, naye akabaki, na miaka minane baadaye, mwaka 2017, akainunua Delicious, iliyokuwa maarufu kuliko zote za aina hiyo. Somo lake linaeleweka hata kwa muuza mandazi: anayekula kwa wateja wake huwasikiliza wateja wake.

Basi kijana wa Kolwezi afanye nini? Hatujidai kuwa mafundi, lakini miongoni mwetu wapo wafanyabiashara, mhasibu na walimu wa kompyuta, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kwanza, ahesabu kabla ya kutaja bei. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana ana maduka 12, na kila moja linampa dola 10 kwa mwezi: jumla dola 120. Intaneti inachukua 25, seva ya kuhifadhi nakala 15, usafiri wa kuwatembelea wateja 20, na akiba ya kubadilisha kompyuta siku itakapokufa 20. Zimebaki dola 40. Ikiwa alifanya kazi saa 40 katika mwezi huo, amejilipa dola moja kwa saa. Si aibu, lakini ajue. Akifikisha maduka 30, mapato ni dola 300. Tuseme gharama zimepanda hadi 110, zinabaki 190. Tofauti kati ya mchezo na biashara inaonekana katika mistari hiyo michache, wala haihitaji shahada ya uchumi. Ambaye hahesabu saa zake anawauzia watu maisha yake bila kujua kwa bei gani.

Pili, atenge mifuko miwili. Pesa ya programu isilale pamoja na pesa ya sukari ya nyumbani. Hapa kwetu ndugu wakisikia kwamba mtoto anapokea malipo kwa telefoni, maombi huanza jioni hiyohiyo, na mengi ni ya haki: ugonjwa, karo, msiba. Kijana asiwe na moyo mgumu. Ajipangie mshahara, hata ukiwa mdogo, na msaada kwa ndugu utoke katika mshahara huo. Pesa ya seva si yake. Ni ya wale waliomwaminia hesabu zao.

Tatu, aanze na wachache, na atoze mapema. Mteja asiyelipa atakusifu kila kitu. Mteja anayelipa atakuonyesha kasoro. Malipo si kikwazo tena kama zamani, maana tangu mwaka 2012 M-Pesa ipo nchini kwetu, na Airtel Money na Orange Money zinajulikana hata kwa muuza samaki. Programu yenyewe iyafahamu mazingira yake: ifanye kazi pasipo intaneti na kutuma data mtandao unaporudi, isimalize betri, ikubali telefoni ya bei nafuu, izungumze Kiswahili cha hapa, na ihesabu dola na faranga pamoja, kwa sababu soko letu linahesabu zote mbili.

Nne, asiache masomo wala kazi kwa haraka. Tumesikia wahubiri wa utajiri wanaowaambia vijana waruke na Mungu atawadaka. Hatuoni hekima hapo. Kazi ya jioni iachiwe nafasi ya kuwa kazi ya mchana hapo tu itakapokuwa imelipa gharama zake kwa miezi kadhaa mfululizo. Kijana wetu alishindwa mitihani kwa sababu hakuna aliyemwekea mpaka, naye hakujua kwamba anaruhusiwa kujiwekea. Kusema "nitapokea simu hadi saa mbili usiku" si kiburi. Ni adabu ya kazi.

Tano, atembee katika sheria. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinamtambua mjasiriamali mdogo kwa masharti mepesi. Iko ofisi moja ya kuandikisha biashara, Guichet Unique, iliyoundwa ili mtu asizunguke mlango kwa mlango. Amri ya tarehe 8 Septemba 2022 inahusu kuhimiza ujasiriamali na kampuni changa. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi ambazo kampuni kubwa huzigawa nje zipewe kampuni za mtaji wa Wakongomani. Hilo, katika mji uliozungukwa na migodi, si jambo dogo: kampuni yenye watu watatu, iliyoandikishwa vizuri, inaweza siku moja kuomba kazi ya kuhesabu vipuri au zamu za madereva. Isiyoandikishwa haiwezi hata kubisha hodi.

Sita, na hapa dhamiri inasema kwa sauti: atunze siri za watu. Programu ya likelemba inajua nani amechelewa kulipa. Programu ya famasi inajua nani ananunua dawa gani. Kanuni za mambo ya kidijitali zilizotolewa tarehe 13 Machi 2023 zinalinda habari binafsi za raia, lakini hata kama zisingekuwapo, kijana Mkristo anajua kwamba aliyokabidhiwa kwa siri hayauzwi. Faida inayopatikana kwa kuuza majina ya akina mama wa sokoni ni wizi, hata kama hakuna mahakama itakayoiita hivyo.

Itakuja pia siku ya rushwa. Mtu atasema: karatasi yako itatoka kesho ukiongeza kitu, au, zabuni ni yako tukigawana. Siku hiyo tumkumbuke Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa kijana mlei kama sisi, mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, akakataa pesa ili asiruhusu chakula kilichoharibika kiingie mjini. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Hatumtaji ili kuwatisha wafanyabiashara wachanga. Tunamtaja kwa sababu aliielewa pesa vizuri: alijua kwamba nyuma ya kila karatasi inayopigwa mhuri kuna mtu atakayekula au atakayeumia.

Sasa tujibu pingamizi tunalolisikia mara nyingi, nalo si la kupuuzwa. Wapo wanaosema: tumepewa bure, tutoe bure, kijana akianza kutoza, roho ya kujitolea itakufa. Wanatukumbusha Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye alitumia ujuzi wake wa kompyuta kukusanya na kuonyesha habari za miujiza ya Ekaristi bila kuomba senti. Ni kweli, na tunamheshimu. Lakini Carlo alikuwa na wazazi waliomlisha, na kazi ile aliichagua mwenyewe. Sadaka ni ile ambayo mtoaji anaijua na kuitoa kwa hiari. Tunapochukua usiku wa kijana, intaneti yake na mitihani yake kwa sababu ana haya ya kukataa, hapo hakuna sadaka. Sisi ndio tunaokuwa tumechukua. Tangu Papa Leo wa 13 alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limewaambia matajiri kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wa haki ni dhambi kubwa. Tumezoea kulielekeza neno hilo kwa kampuni za migodi. Linatuelekea na sisi, kamati za parokia.

Kutoza hakumzuii kuwa mkarimu. Mwenye biashara anaweza kuamua kwamba maduka yatalipa bei kamili, vikundi vya akina mama vitalipa kidogo, na kituo cha yatima hakitalipa kitu. Tofauti ni kwamba sasa anajua anatoa kiasi gani, na wanaolipa wanambebea yule asiyeweza. Shamba lisilovunwa haliwezi kumpa maskini hata suke.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja la wazi kutoka kwa kila kikundi na kila kamati. Mkipanga bajeti ya mwaka, mkiandika mishumaa, usafiri na sare, andikeni pia mstari wa kijana anayewatunzia hesabu, picha, orodha au tangazo. Iwe kidogo, lakini iwe na tarehe, na itolewe bila kumfanya apige magoti. Naye aandike risiti. Katika karatasi hizo mbili, bajeti yenu na risiti yake, heshima ya kazi itakuwa imeanza.

Kijana tuliyeanza naye amerudia mitihani yake na kufaulu. Tulimwendea, tukamwomba radhi, na akina mama wa kikundi cha mama yake wakakubaliana kutoa kila mmoja faranga 500 kwa mwezi. Hiyo ni faranga 10,000, ambazo haziwezi kumtajirisha mtu. Zinatosha intaneti ya kuhifadhi nakala kila Jumamosi jioni, na zimemfundisha kusema bei bila kuinamisha kichwa. Mwenye famasi naye analipa sasa, kwa bei ya duka. Kile kikundi kilichovunjika hakijarudi. Wale wawili wasiopeana amani, mmoja ni jirani yetu, na kila tukimwona akipita tunakumbuka gharama ya kitu tulichokiita cha bure.

Maswali ya kutafakari kikundini:

Je, katika parokia yetu ni nani anayetumia kipaji chake kwa ajili yetu, na tumewahi kumwuliza inamgharimu nini?

Kama ungepaswa leo kutaja bei ya saa moja ya kazi yako, ungetaja kiasi gani, na ungekithibitisha vipi mbele ya mteja maskini na mbele ya mteja tajiri?

Ni siri gani za watu tulizokabidhiwa katika telefoni zetu, na tunazilinda namna gani?